Mtaro Alioukalia Susu Yako

Mwaitu,

Picha haipo ukutani. Nimeingia sebuleni baada ya chakula cha mchana kutafuta miwani, nikaona mahali ilipokuwa pamebaki mraba wa rangi safi na msumari mmoja. Sikuhitaji kuuliza. Sanduku lako liko wazi kitandani, na picha imelala juu ya nguo zako, umeifunga kwa leso ya mama yako. Mimi huyo, nimesimama juu ya mtaro na jembe begani, kifua mbele, katika koti la kuazima.

Wewe na mama yako mko Wote mnatafuta viatu. Huku nyumbani akina mama wa kanisa wameteka jiko, wanapika kama vile Kitui hakuna chakula, na kila nikichungulia wananifukuza. Basi nimechukua daftari lako la zamani la hesabu, kurasa zilizobaki, nikaja kukaa chini ya paa la ghala. Mambo ya kuchemsha maji, kuvaa sweta na kuandika nyumbani kila mwezi utaambiwa na mama yako, na atayarudia mpaka basi liondoke kesho. Mimi nina jambo moja tu, na hiyo picha ndiyo imenilazimisha.

Lakini kwanza nikuambie nina furaha, maana naijua tabia yangu, naweza kuandika kurasa kumi nikasahau. Barua yako ya kazi nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kukatika. Nilipokuwa kijana, barua ya Serikali ililetwa na askari, na ukiiona unaanza kukumbuka umekosa nini. Hii ilikuja na jina lako kamili, msichana wa Matiliku, ikikutaka ufike Kitui uwe afisa wa kilimo. Nimeipeleka kwa fundi wa baiskeli, nikaipeleka kwa pasta, nikamsomea hata yule jirani ambaye hatusemezani tangu mbuzi wake wale mihogo yangu. Akasema, "Hiyo ni kitu kubwa, Kilonzo." Halafu akakumbuka kwamba hatusemezani, akaenda zake.

Sasa nikukumbushe Alhamisi iliyopita. Tulikuwa tunakula muthokoi, mama yako akakuuliza kama huogopi kwenda kuwafundisha kulima watu waliokuzidi umri. Ukasema, "Wale watu wa huko nasikia ni wagumu. Nitawaonyesha picha ya baba, mtu wa kwanza kuchimba mitaro hapa Matiliku. Na wasiposikia, si kuna sheria?" Mama yako akanitazama. Mimi nikaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Nakuita mwaitu, mama yangu, kwa sababu siku ulipozaliwa ulipewa jina la mama yangu, Mwende, bibi yako uliyemwita susu, kama inavyompasa binti wa kwanza. Umelizoea tangu utotoni na huligeuzii hata shingo. Leo nataka uligeukie, kwa sababu habari hii ni yake.

Mitaro ya kwanza ya shamba letu ilichimbwa nikiwa mtoto wa shule. Asubuhi mbili kila wiki hedmani, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na mkoloni, alipiga baragumu, na kila nyumba ilitoa mtu. Wanaume wengi walikuwa kwenye kazi za mbali, kwa hiyo nyumba zilitoa mama zetu. Walichimba mtaro kukata mteremko, mmoja juu, mwingine chini yake, ili maji ya mvua yasiondoke na udongo. Hakuna aliyewaeleza hivyo. Waliambiwa mzungu anataka. Hedmani alikuwa na kaptula ya kaki na fimbo iliyokatwa kwa urefu maalum, akiidumbukiza ndani ya mtaro, na kama haukufika kina alisema neno moja, "Rudia." Siku moja alimrudishia mama yangu mara tatu. Nilikuwa nimesimama pale na kibuyu cha maji nilichompelekea. Nilimchukia yule mtu, nikauchukia na ule mtaro, na kwa muda mrefu sana sikujua kwamba nilichukia vitu viwili tofauti.

Ndipo yakaja Madaraka, tukaanza kujitawala. Mwaka huo huo ulikuwa umezaliwa wewe, na mimi nilikuwa kijana wa chama mwenye kipaza sauti. Mwaitu, ungeniona. Nilizunguka masoko yote ya huku nikitangaza kwamba kila kitu cha mkoloni kitaondoka, na watu walipiga makofi hata kabla sijamaliza sentensi. Tulikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Mtu alikuwa akiamka asubuhi anakumbuka kwamba nchi ni yake, anatabasamu peke yake kabla hajanawa uso. Rafiki yangu Ndolo aliacha kunywa chai kwa sababu chai ni ya wazungu. Alivumilia wiki mbili na kichwa kinamuuma, kisha akarudi hotelini akasema, "Nimefikiria. Hii chai tumechuma ni sisi. Leta kikombe kikubwa." Tulimcheka mpaka machozi. Ingefaa nimsikilize.

Mimi nikaamua mitaro iende. Nilisema sokoni kwamba mtaro ni kovu la mkoloni kwenye mwili wa nchi, maneno ambayo niliyaona matamu sana, na nikasema nitaanza na shamba langu mwenyewe ili watu waone. Nilikusanya vijana wa chama. Ilikuwa miezi ya kiangazi, mahindi yameshavunwa, shamba ni kavu, zimebaki mbaazi tu. Siku ya kwanza tulifukia mitaro minne kutoka chini kwenda juu, tukiimba. Mama yako alituletea uji na hakusema kitu. Siku hizi huniambia kwamba kimya kile kilikuwa hotuba ndefu, ila mimi nilikuwa nimezoea kipaza sauti.

Ulibaki mtaro wa tano, ule wa juu kabisa, karibu na nyumba. Tulipofika asubuhi ya pili tulimkuta mama yangu ndani yake. Alikuwa ameteremsha kistuli chake cha miguu mitatu mpaka sakafuni mwa mtaro, amekaa, ametoa ugoro wake, na wewe umelala mapajani kwake. Ulikuwa na miezi minne. Kutoka pale tulipokuwa tumesimama tuliona kitambaa chake cha kichwa tu.

Nikamwambia, "Mama, toka hapo tumalize."

"Mmalize nini?"

"Kazi ya mkoloni."

"Mkoloni gani alichimba hapa? Hebu nionyeshe mahali yeye alishika jembe."

Vijana wakaanza kutazama miguu yao. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nilikuwepo, niliona jinsi alivyolazimishwa, na nilikuwa nafanya haya kwa ajili yake.

"Ndiyo, nililazimishwa," akasema. "Na nilichimba. Hiyo ni mambo mbili, Kilonzo. Ile ya kulazimisha, warudishie wenyewe, hata mimi siitaki. Lakini hii ya kuchimba ni yangu. Ukitaka kufukia, fukia, lakini uanze na sisi."

Akanusa ugoro wake. Wewe ukapiga chafya, hukuwa umezoea, na yule kijana aliyekuwa karibu nami akacheka, kisha wote wakacheka. Kazi ya siku hiyo ikaisha hapo. Mama yangu alikaa humo siku tatu, akitoka jua likizama na kurudi asubuhi na kibuyu chake cha maji. Ningependa kukuambia kwamba niliuacha ule mtaro kwa sababu alinishawishi. Hapana. Niliuacha kwa sababu vijana walichoka kusubiri wakaenda kwenye mkutano mwingine, na mimi nikaona haya kumtoa mama yangu shimoni peke yangu.

Mvua ilikuja Novemba, na ilikuja kwa nguvu. Pale chini ya mtaro wa mama udongo ulikaa. Kutoka hapo kwenda chini, kote nilikofukia, palikuwa na udongo laini tuliouparua na kuutandaza wenyewe, na maji yaliuchukua kama mtu anayekunja mkeka. Nilisimama mlangoni nikaona mbaazi zangu zinateremka zikiwa zimesimama wima. Mvua ilipokatika, katikati ya shamba kulikuwa na korongo ambalo ng'ombe angeweza kupotelea ndani. Unalijua. Ndilo ulilokuwa ukichezea utotoni, ukiliita nyumba yako. Ulipokuwa na miaka mitano au sita uliniuliza nani amelichimba, nikakuambia mvua. Mvua ilikuja kumaliza tu.

Wiki chache baadaye bendera ikapanda. Nilikwenda sokoni kwenye sherehe nikiwa na matope magotini. Na unafikiri ni nani aliyekuwa jukwaani akitukaribisha katika taifa jipya? Hedmani. Kaptula ile ile, kofia mpya. Alitwambia sasa tuchape kazi tujenge nchi, na nina hakika angekuwa na ile fimbo angetupima. Nilikasirika kwa muda wa kama dakika tano. Halafu ngoma zikaanza, na mama yangu akaingia uwanjani akiwa amekubeba mgongoni, akacheza mabega mpaka wasichana wakampisha. Nikaingia na mimi. Mwaitu, nilicheza siku hiyo, na matope yangu, na shamba langu likiwa limeshafika mtoni, na sijajuta hata hatua moja ya ngoma ile. Watu siku hizi wakikaa wanahesabu yote yaliyoharibika baada ya Uhuru hunitazama ili niitikie. Yaliyoharibika nayajua, mengine niliyaharibu kwa mikono yangu. Lakini mimi nilikuwepo kabla, na hata leo sitamani kurudi kule nyuma.

Shamba la chini halikutoa kitu kwa zaidi ya miaka kumi. Ndiyo maana ulinijua kama baba wa kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilikwenda Kambu kwenye kazi za barabara nikivunja kokoto, wakati nina ekari zangu mwenyewe, na mwaka wa ukame nilipanga foleni ya mahindi ya msaada nyuma ya watu niliowahutubia. Hakuna aliyenisema. Heri wangenisema.

Wakati wewe uko shule ya bweni, mama yako na wenzake waliunda mwethya wao, kikundi cha kusaidiana kazi, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Hakuna aliyewaagiza. Walikaa wenyewe, wakaona mahali mahindi yanapokauka na mahali yasipokauka, wakakumbuka mtaro wa Mwende mzee. Wakaanza kuchimba. Siku za hedmani udongo ulitupwa upande wa chini. Wao waliutupa juu, ukawa ukuta juu ya mtaro, wakapanda majani ya ng'ombe hapo. Sisi wanaume tuliokuwa tukicheza bao pale sokoni tulisema mkoloni amerudi amevaa rinda. Msemo huo ni wangu, na mama yako alijua ni wangu.

Msimu wa pili mahindi yao yalinifika begani na yangu hayakuwepo. Nikarudi kutoka Kambu, nikamwomba mama yako kikundi kije kwetu. Akasema atawauliza. Akaja na jibu jioni, akiwa amejikaza asicheke. "Wamesema watakuja," akaniambia. "Lakini kwetu kutakuwa kwa mwisho. Na mtu alifukia mitaro kwa mkono yake, atachimba ya wengine kwanza."

Hivyo ndivyo baba yako alivyochimba msimu mzima katika mwethya wa akina mama, mwanamume mmoja kati ya wanawake kumi na tisa. Hukuambiwa hili. Tulikubaliana watoto wasiambiwe, au tuseme mimi ndiye niliyekubaliana. Walinitungia wimbo. Mmoja anauliza, "Kilonzo, udongo unatupwa wapi?" na wengine wanajibu, "Juu, juu, mama yake alimwonyesha." Uji nilipewa wa mwisho, na mimi ndiye niliyeosha vibuyu. Wiki ya kwanza nilitamani kufa. Wiki ya tatu nilijikuta naimba ule wimbo na mimi, sauti ya chini, nikiwa mtaroni kwa jirani, na jua linapendeza mgongoni, nikagundua kwamba nina furaha ile ile ya mwaka wa Madaraka. Nikashangaa sana. Nilidhani furaha ile ilikuwa ya kipaza sauti.

Hatimaye zamu yetu ikafika. Mtaro wa kwanza ulichimbwa na jembe langu tangu mwanzo hadi mwisho, nilikataa kusaidiwa. Nilipomaliza, mama yangu akaja. Alikuwa amezeeka, macho yamefifia, anatembea kwa kushika ukuta wa udongo. Akaomba kistuli chake kiteremshwe ndani. Tukamteremsha na yeye. Akakaa, akajiweka sawa, akatazama huku na huku.

"Bado naona ng'ombe ya jirani," akasema. "Rudia."

Kumi na tisa wale wakaangua kicheko, wengine wakakaa chini kabisa. Mimi nikamtazama mama yangu nikaona na yeye anatetemeka kwa kucheka, mkono mdomoni. Nikarudia. Jioni tukamteremsha tena. Akakaa muda mrefu zaidi. "Sasa sioni ng'ombe," akasema, na akanyoosha mkono juu ili nimtoe. Aliondoka duniani mwaka uliofuata, baada ya kula mahindi mabichi ya shamba la chini.

Sasa picha. Siku moja wageni walipokuja na kamera kutazama mitaro yetu, mwenyekiti wa chama aliwaleta hapa. Wakauliza mtaro wa zamani kuliko yote ni upi, nikawaonyesha ule wa juu. Wakauliza, "Ulichimba wewe?" Mwaitu, nilikuwa na koti zuri. Nikasema ndiyo. Neno moja tu. Wakanisimamisha juu yake, wakapiga picha, wakaituma ikiwa na fremu. Mama yako aliitundika bila kusema kitu, kimya chake kile. Wewe ulikuja likizo ukaiona, ukanikumbatia, ukaenda kuwasimulia wenzako shuleni. Kila ulipoisimulia ilizidi kuwa ngumu kuirudisha. Wale akina mama wanaopika huko nje wanajua wote. Wamenistahi mbele yako miaka hii yote, na sasa hivi nasikia wanavyocheka jikoni, nadhani wananicheka mimi.

Nimeiandikia picha hiyo maelezo mapya. Iko hapo hapo kwenye leso, nimeifunga tena, ni yako. Nyuma yake nimeandika kwa wino: Mtaro huu ulichimbwa na Mwende, kwa kulazimishwa. Mwanawe Kilonzo alitaka kuufukia, hakulazimishwa na mtu. Kesho asubuhi kwenye maombi ya kukuaga pasta ataniomba neno, na mwenyekiti ataanza tena na ile ya mtu wa kwanza. Nitamwacha amalize, kisha nitasimama niseme kama nilivyokuandikia hapa. Naogopa nikifikiria, lakini nasikia wepesi pia, hata nimecheka peke yangu hapa ghalani na kuku wamekimbia.

Sikukatazi kuwa na sheria mkononi. Utavaa kaki, utakuwa na gari la Serikali siku moja ikiwa lina mafuta, na wazee watasimama ukifika. Kitui kuna mama ambaye atakukatalia. Atakuwa amebeba kitu moyoni tangu zamani, na wewe utaona mkaidi tu. Mimi nilisimama ukingoni mwa mtaro na vijana wangu, nikiwa na haki yote ya nchi nzima nyuma yangu, na nilikuwa nimekosea. Mama yangu alikuwa ameketi.

Kwa hiyo kando ya sanduku lako utakuta kifurushi cha gunia. Ni kistuli chake. Mguu mmoja umelegea kidogo, nimeukaza kwa kamba, usiutie msumari. Mama yako atasema kitakuzuia kwenye basi, mwambie umekiomba mwenyewe. Ukifika kwenye shamba la yule mama, kabla hujafungua mdomo, kiweke chini ukae, na umwache aseme yeye kwanza.

Na ukiona haya, kumbuka kwamba si mara yako ya kwanza kukikalia. Siku ile mlikuwa wawili humo ndani. Hukuwa na jino hata moja, na mlinishinda.

Nasikia sauti ya mama yako barabarani, anasema viatu ni vya bei. Niishie hapa.

Ni mimi baba yako, Kilonzo, mtu wa kwanza Matiliku kufukia mtaro, na wa mwisho kupewa uji.